Kitabu Kisicho na Nchi

Ti. Kisha kimya kirefu, kisha ti tena.

Milcah alilala macho wazi gizani akisikiliza tone la maji likidondoka kutoka kwenye bati hadi ndani ya sufuria aliyoitega karibu na mlango. Siku nyingine sauti ile ingemfurahisha. Mwaka huo wa 1977 mvua ilikuwa imechelewa, na watu wa Waithaka walikuwa wameanza kuitazama mihindi yao kama mtu anavyotazama mgonjwa kitandani. Lakini alfajiri hiyo kila tone lilimwangukia kifuani. Alikuwa amelala na hasira, ameamka nayo, na bado ilikuwa na joto.

"Umeamka?" aliuliza Nashon, mumewe, bila kugeuka.

"Sikulala."

"Ni huyo Jamleck bado?"

"Usimtaje kabla sijanywa chai."

Nashon alicheka ndani ya blanketi. Alikuwa seremala, mtu wa kutengeneza makabati ya jikoni kule Lavington na Muthangari, katika nyumba ambazo jiko peke yake lingemeza chumba chao na cha jirani. Alikuwa mpole. Kosa lake kubwa lilikuwa kuamini kwamba hakuna kitu duniani kisichoweza kushikwa kwa msumari.

"Mimi mwenye mbao akiniambia nikate, nakata," alisema. "Mbao si yangu."

"Na akikuambia ukate kitanda cha mtoto, mtoto akiwa juu yake?"

Nashon aliinuka kutafuta kiberiti. Alimjua mke wake. Akianza kuuliza maswali ya namna hiyo kabla ya jogoo, dawa ni kuwasha stovu.

Kulipopambazuka Awiti aliamka na kwenda moja kwa moja mlangoni kuchungulia nje. Alikuwa na miaka mitano. Jina lake lilikuwa la dada yake Milcah, ambaye maji yalimchukua kule Kano mto Nyando ulipofurika mwishoni mwa mwaka wa 1961. Milcah wakati huo alikuwa na miaka minane, na alichobaki nacho ni vipande vipande tu: kuku watatu juu ya paa, chungu kikielea kama bata, na mama yake akiita jina moja mpaka sauti ikamwishia.

"Mama, kopo limepata," alisema Awiti.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, limefungwa kwa waya juu ya nguzo ya ua. Kila siku, redio ya mwenye nyumba ilipolia zile pi-pi-pi za kutangaza saa tatu asubuhi, Awiti alitumbukiza rula ya shule ndani ya kopo na kuandika milimita kwenye kalenda ya duka iliyoning'inia ukutani. Mama Nyakio, mwenye nyumba, alikuwa ameshaichekea kazi hiyo mpaka akazoea.

"Unafundisha mtoto kupima mvua," alikuwa akisema, mikono kiunoni, "kwani utaifungia kwa chupa uiuze sokoni?"

Kulikuwa na jambo moja tu Awiti alilokataa kabisa kulielewa. Maji yaliyokutwa kwenye kopo asubuhi huandikwa siku iliyotangulia, kwa kuwa karibu yote yalinyesha jana na usiku wake. Hivyo ndivyo walivyofanya wapimaji wote. Lakini Awiti aliandika kwenye kisanduku cha leo.

"Ya asubuhi ni ya jana, mama," Milcah alimwambia kwa mara ya ishirini, akimfunga kitambaa kichwani.

"Lakini mimi nimeiona leo."

Milcah alimbusu utosini akatoka kwenda kazini, viatu mkononi kwa ajili ya matope.

Ofisi ilikuwa katikati ya mji, ghorofa ya tatu ya jengo la mawe, hatua chache kutoka posta. Kwenye barua jina lake lilikuwa refu kama treni ya mizigo, lakini waliofanya kazi humo waliliita Ghala la Mvua. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zimekubaliana kuliendesha kwa pamoja chini ya Jumuiya. Kila mwezi ziliingia humo kadi za posta kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kuonana: padri wa Bukoba, mwalimu mkuu wa Busia, karani wa chai Kericho, mama mmoja wa kinu cha pamba karibu na Jinja. Kila mmoja alipima mvua uani kwake, akaandika, akatuma. Akina Milcah waliketi kwenye mashine na kuzitoboa tarakimu hizo katika kadi ngumu za karatasi, tundu kwa tundu, ili mashine nyingine iweze kuzisoma na kuzipanga.

Na hazikupangwa kwa nchi. Zilipangwa kwa mabonde ya mito na maziwa, jinsi maji yenyewe yanavyokwenda. Droo ya ziwa kubwa ilikuwa na nchi zote tatu ndani yake, zimekaa bega kwa bega. Mtu yeyote aliruhusiwa kuja kuzitazama. Walikuja wahandisi wa madaraja, wanafunzi, wakulima wenye matope magotini. Barua zilitoka hadi Addis Ababa na Lusaka zikiuliza, zikajibiwa. Juu ya mlango mtu alikuwa ameandika kwa rangi ya bluu: MLANGO HUU UKO WAZI KWA KILA ANAYEULIZA HABARI ZA MVUA.

Asubuhi hiyo ya Jumatano, Milcah alipofika, fundi wa rangi alikuwa juu ya ngazi akiyafuta maneno hayo kwa brashi ya kijivu. Alikuwa amebakiza neno MVUA.

"Nani amekutuma?" aliuliza Milcah.

"Bwana mkubwa wa ndani, dada. Angalia nisikudondoshee."

Milcah alipita chini ya ngazi, meno yamekazana.

Mkubwa wa ndani alikuwa Jamleck, na ukubwa wake ulikuwa na wiki tisa tu. Kabla yake kiti kile kilikuwa cha Mzee Kaijage, mtu wa Bukoba, mwenye sauti ndogo na kalamu tatu mfukoni. Mwezi wa pili mpaka wa Tanzania ulipofungwa, Mzee Kaijage aliitwa kwao kama wenzake wengine wote wa Jumuiya. Aliondoka na begi moja, akawaaga watoboaji mmoja mmoja kwa mkono. Milcah alimpenda yule mzee kama baba, lakini siku hizo alimkasirikia hata yeye, kwa kuondoka na adabu zake zote bila hata kupiga meza.

Kabla ya kuondoka alifungua droo ya Milcah, akaweka ndani daftari kubwa lenye jalada jeusi.

"Hili halina nchi," alisema. "Kwa hiyo halina mtu wa kulipigania. Litunze."

Kilikuwa kitabu cha masahihisho, na Milcah alikijua toka wiki yake ya kwanza kazini. Wiki ile alikuwa amefanya jambo bila ruhusa: alitafuta kadi za usiku ule Nyando ulipofurika, akazitandaza mezani kuzunguka ziwa lote kama mtu anayepanga vyombo vya wageni. Alitaka kuiona mvua iliyomuua dada yake. Hakuiona. Kadi zilionyesha mvua ya kawaida Jumanne mahali fulani, na mvua ya kawaida Jumatano mahali pengine. Mbili ndogo, si kubwa moja. Mzee Kaijage alimkuta pale analia kwa hasira, akidhani mama yake, aliyemsimulia mvua moja kubwa ya usiku mmoja, alimdanganya maisha yake yote.

Mzee hakumkemea. Alikwenda kuleta lile daftari.

"Si wapimaji wote wanaofuata kanuni," alimweleza. "Huyu mwalimu wa Busia ni mwaminifu, mvua ya asubuhi anaiandika jana. Lakini huyu padri wa kwetu anasema hawezi kuandika jana kitu alichokiona leo, eti ni kusema uongo. Tumemwandikia barua miaka saba. Na karani huyu wa Muhoroni naye hivyohivyo. Na huyu mama wa kinu. Basi kikao cha nchi tatu kiliamua: mwandiko wa mtu hatuubadilishi, lakini tutaandika pembeni nani anachelewa kwa siku moja, tangu lini mpaka lini."

Akamsomea mistari, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mstari Milcah akaisogeza kadi kutoka Jumatano kwenda Jumanne. Bukoba ikasogea. Muhoroni ikasogea. Jinja ikasogea. Alipomaliza, mvua mbili ndogo zilikuwa zimeungana kuwa mvua moja ya usiku mmoja, imelizunguka ziwa zima, nyeusi kama moshi.

"Kwa hiyo mtu angeweza kujua inakuja?" aliuliza.

"Peke yake, hapana. Watatu wakiambiana, labda," alisema Mzee Kaijage. "Ndiyo maana tuko hapa."

Ndiyo maana tuko hapa. Milcah alikuwa ameyabeba maneno hayo miaka mitatu kama mtu aliyeshonewa nguo mpya. Sasa Jamleck alikuwa amesimama kando ya meza yake, ameshika mkasi.

"Mama Awiti," alisema, "jana nilikuambia nini?"

"Ulisema nikate, bwana."

"Na naona hiyo kitabu bado ni nzima."

Amri ilikuwa fupi. Ijumaa malori yangekuja. Kadi za Uganda ziende Uganda, za Tanzania zifungiwe kwenye bohari la reli hadi mpaka ufunguliwe, za Kenya zibaki. Na kitabu cha masahihisho kikatwe, kila nchi ipewe mistari yake.

Milcah alikifungua mbele yake. "Mistari haikuandikwa kwa nchi, bwana. Iliandikwa jinsi makosa yalivyogunduliwa. Huu ni Bukoba, huu Kitale, huu Jinja. Tena angalia nyuma ya karatasi." Akageuza. "Mgongoni mwa Bukoba kuna Muhoroni. Nikikata Bukoba nimekata Muhoroni."

Jamleck aliinama kutazama. Alikuwa mtu nadhifu, na kwenye uso wake Milcah aliona kitu kama aibu kikipita haraka, kama panya.

"Basi Muhoroni utaiandika upya."

"Kama ni kuandika upya, niandike yote mara tatu. Kila nchi ipate kitabu kizima. Siku mbili zinanitosha."

"Kizima cha nini? Mvua ya Mganda itanisaidia nini mimi? Sikia, Mama Awiti. Ndege zimegawanywa. Reli imegawanywa. Mpaka vijiko vya kantini vimegawanywa, nimeona kwa macho yangu. Wewe unataka mvua peke yake ibaki ya watu wote."

"Si mimi ninayetaka. Ndivyo inavyonyesha."

Makarani wawili wa upande wa barua waliacha kuandika ili wasikilize. Jamleck aliwaona, na sauti yake ikapanda ngazi moja.

"Wewe umesoma usiku," alisema. "Usikuje kutufundisha mchana."

Wale makarani walicheka. Milcah alisikia damu ikimpanda masikioni. Miaka mitatu ya masomo ya usiku, Jumanne na Alhamisi, katika chumba cha chini ya kanisa, Awiti amefungwa mgongoni, mwalimu akiongeza sauti kila mtoto alipolia. Aliwahi kufanya mtihani wa hesabu huku ananyonyesha. Alitamani kuyasema hayo yote, lakini angeyasema angelia, na kwa Jamleck hakutaka kutoa hata tone.

"Nipe mpaka kesho jioni," alisema.

"Kesho jioni. Na nikute vipande vitatu." Akauacha mkasi juu ya meza.

Kulikuwa na wanawake wengine wawili kwenye mashine. Selpher alikuwa mtu wa Butere, mjane, mwangalifu wa kila neno. Njambi alizaliwa hapohapo Dagoretti, mwembamba, mdomo haujui kupumzika.

"Huyo mtu," alisema Njambi mara tu mlango ulipofungwa, "kiti cha mzee amekalia, mto wa mzee hajabadilisha. Anaogopa hata huo mto. Ati ugawanye mvua. Kwani yeye akioga anauliza maji yametoka nchi gani?"

Selpher alijikaza asicheke. Milcah hakucheka. Alikuwa akiitazama mashine yake, na rundo la kadi tupu lililokuwa pembeni. Zilikuwa za aina mbili: nyeupe za mvua, na zenye ukingo mwekundu za maelezo mengine ya vituo. Aliutazama tena mkasi.

"Njambi," alisema, "huyu bwana anaweza kusoma kadi iliyotobolewa?"

"Jamleck? Huyo akiona matundu anadhani ni kazi ya mchwa."

"Basi kitabu tukitoboe."

Walimtazama.

"Mistari ni mia mbili na kumi na nne," alisema Milcah. "Kila mstari kadi moja: namba ya kituo, tangu lini, mpaka lini, siku ngapi. Tukishatoboa mara ya kwanza, mashine itajinakilia yenyewe mara mbili. Seti tatu. Kila seti nzima iingie katika masanduku ya nchi moja. Yeye atapata vipande vyake avikate apendavyo."

"Na akiuliza?" aliuliza Selpher taratibu.

"Akiuliza nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Kweli. Mimi sina nguvu ya kupanga uongo, Selpher. Nimechoka kukasirika, sasa nitake tena kukumbuka uongo gani nilisema?"

Selpher alilipima kwa macho rundo la kadi tupu. Kisha akavuta kiti. "Nisomee," alisema. "Ukinisomea nitakwenda haraka zaidi."

Walifanya kazi siku mbili mchana kweupe, mlango wazi. Milcah alisoma, Selpher na Njambi walitoboa, na mashine zikapiga kelele zao za kila siku, ka-ka-ka, kama nyumba yenye cherehani tatu. Jamleck alipita mara nne. Mara moja alisimama akasema, "Hivyo ndivyo ninavyopenda kuona," na Njambi akajibu, "Tunashukuru, bwana," kwa sauti tamu mpaka Selpher akajifanya anakohoa.

Ilikuwa kazi ya kuchosha macho, na katikati yake hasira ya Milcah haikupungua, ila ilibadilika umbo. Sasa ilikuwa imeshuka mikononi. Kila alipotaja jina la kituo aliliona kama mtu: padri mbishi, karani wa Muhoroni, mama wa kinu. Watu hao walikosea kwa uaminifu. Waliandika walichokiona siku waliyokiona, na wenzao wengine wakakaa kitako kuwaelewa, badala ya kuwafukuza. Ndicho kilichokuwa kikikatwa. Si karatasi.

Alhamisi saa kumi jioni seti tatu zilikuwa zimekamilika. Milcah alizilinganisha na kitabu mstari kwa mstari, akazipeleka mwenyewe chumba cha masanduku. Were, mpakizi, alikuwa akiyafunga kwa kamba za katani na kuyatia lakiri, ile mihuri ya madini ya risasi ambayo lazima ivunjwe ndipo sanduku lifunguke.

"Hizi nyekundu ni za nini, dada?"

"Ni za kusomea zile nyingine. Seti moja kwa kila nchi, sanduku la kwanza, juu kabisa."

"Sawa." Were hakuuliza zaidi. Kwake kadi ilikuwa uzito.

Aliporudi mezani, Jamleck alikuwa amefika. Kitabu kilikuwa kizima, na mkasi ulikuwa palepale alipouacha.

"Hukukata," alisema Jamleck.

"Siwezi, bwana."

Alitazama huku na huku, kama mtu anayetafuta wa kumsaidia. Kisha akauchukua mkasi mwenyewe. Alikata vibaya, kwa haraka, ulimi umemtoka kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Bukoba ilianguka, na Muhoroni ikaanguka nayo. Mwandiko wa Mzee Kaijage, ule wa herufi zilizosimama wima, ulitapakaa mezani kama maganda ya njegere. Milcah alisimama pale mpaka mwisho. Alijilazimisha kutazama. Alijua maneno yote yalikuwa salama ndani ya masanduku, na bado alikihesabu kila kipande kilichoanguka.

"Ulikuwa mwandiko wa mtu," alisema.

"Ni amri," alisema Jamleck. Alianza kuvirundika vipande. "Unadhani mimi napenda?"

Hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote. Angekuwa mtu anayependa, angemchukia akamaliza.

Ijumaa asubuhi masanduku yalishushwa. Jamleck mwenyewe alikuwa ameweka utaratibu mkali, maana aliogopa watu wa nchi nyingine wasiibe za Kenya: kila sanduku litiwe lakiri, namba ya lakiri iandikwe, na lisifunguliwe tena isipokuwa mbele ya wajumbe wa nchi zote tatu. Alitia sahihi karatasi hiyo kwa wino wa kijani. Lori la Uganda liliondoka saa nne, la bohari saa tano.

Saa nane karani wa stoo alipanda ngazi, na Jamleck akatoka ofisini mwake ameshika katoni tupu.

"Kadi nyekundu," alisema. "Jumatatu katoni ilikuwa imejaa. Zimekwenda wapi?"

Mashine zilinyamaza. Selpher aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake.

Milcah alisimama. "Zimekwenda na malori. Ni kitabu cha Mzee Kaijage. Kizima. Uganda wanacho, Tanzania wanacho kwenye bohari, na chetu kiko sanduku la kwanza, juu kabisa."

"Nilikuambia ukate."

"Na umekata, bwana. Mimi nimenakili."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Nani alikupa wewe ruhusa ya kufuta mlango?" Sasa ilikuwa imeanza, na hakutaka kuizuia. "Dada yangu alikufa kwa mvua iliyonyesha nchi tatu usiku mmoja. Kesho itanyesha hivyohivyo, haitasimama Namanga kuonyesha pasi. Na mtoto wa mtu atakuwa amelala. Wakubwa wamegombana, haya, wagombane. Wagawane viti. Lakini kile ambacho kila mtu akikichukua hakipungui, kwa nini mkikate? Ulipoteza nini kwa Mganda kujua? Niambie moja tu."

Jamleck aliitupa katoni sakafuni. Kisha akageuka akakimbilia dirishani, kana kwamba lori lingekuwa bado linageuza barabarani.

"Nitapiga simu bohari. Wafungue."

"Kwa wajumbe watatu," alisema Njambi kutoka kwenye kiti chake. "Karatasi yako, bwana. Wino wa kijani." Kisha naye akasimama. "Na mimi nilitoboa. Andika vizuri, Njambi, kwa N."

Selpher hakusimama. Alikuwa na watoto wanne na hakuna wa kumshikia mkono. Milcah alimtazama, hasira ikataka kumwendea hata yeye, ikafika nusu njia ikarudi. Alijua vidole vile vilitoboa zaidi ya nusu.

Barua zilichapwa kabla ya saa kumi. Milcah na Njambi walisimamishwa kazi miezi mitatu kwa kutumia vifaa vya ofisi bila idhini. Jamleck alizitia sahihi bila kuinua macho. Milcah alipita mlangoni. Rangi ya kijivu ilikuwa haijakauka vizuri, na ukitazama kwa upande uliweza kuona maneno ya bluu chini yake.

Usiku ule mvua ilinyesha sana. Jumamosi kulikucha kweupe, na Nashon akapanda juu ya bati na kopo la lami. Alikuwa ameisikiliza hadithi yote jana jioni bila kusema neno moja la msumari. Mwisho wake aliuliza tu, "Na kilikwenda chote?" Milcah alipojibu ndiyo, alisema, "Basi," akampakulia ugali yeye mwenyewe.

"Mama Awiti," aliita Mama Nyakio kutoka jikoni kwake, "leo huendi kazini? Ama wamekwisha kupima mvua yote?"

"Wamenipa likizo, mama. Ya hasira."

"Hiyo ni refu," alisema Mama Nyakio, na baada ya muda akamletea chai bila kuombwa.

Milcah aliketi kizingitini, kikombe mikononi. Alidhani angeamka mwepesi, lakini hasira ilikuwa bado ipo, imekaa kando yake kama ndugu. Lile sanduku la Tanzania lingeweza kukaa bohari mwaka mzima, au kumi. Panya wangeweza kulifikia kabla ya watu. Alilifikiria, na kando ya hasira lilikuwepo pia lile jambo dogo lisilotaka kufa: kwamba siku moja mtu wa Bukoba, pengine binti ambaye bado hajazaliwa, atavunja lakiri, aone kadi nyekundu juu ya nyeupe, na aulize ni za nini.

Redio ilipiga pi-pi-pi za saa tatu.

Awiti alitoka mbio, rula mkononi. Alipanda kwenye jiwe, akafunga jicho moja, akatumbukiza rula ndani ya kopo. Akamwaga maji, akapita kando ya mama yake, akasimama kwenye vidole mbele ya kalenda na penseli yake fupi. Kumi na saba. Mkono ulienda kwenye kisanduku cha Jumamosi. Milcah alikuwa ameshafungua mdomo kumsahihisha, kwa mara ya ishirini na moja, akaufunga.

Penseli ilikuwa imesimama hewani. Mtoto alikigeuza kichwa chake kutazama ua uliolowa, bati, baba yake juu ya bati, jua. Kisha mkono ukarudi nyuma kisanduku kimoja, polepole, ukaandika.

"Hii mvua ni ya jana," alisema Awiti.